Miaka Yangu na Matumbo ya Watu

Kazi ya kwanza niliyopewa katika wodi ya upasuaji ilikuwa kumuuliza mzee wa watu kama amejamba, na niliifanya vibaya.

Nilikuwa kijana mgeni kutoka Songea, wiki ya pili tu jijini, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mzee alikuwa mwenyeji wa Temeke wa siku nyingi, mstaarabu wa pwani, kofia haimtoki kichwani hata akiwa amelala. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo siku mbili nyuma. Nikasimama miguuni pake, nikapaza sauti kama niko darasani: "Mzee, umeshajamba?"

Vichwa vya wodi nzima vikageuka. Mzee akavuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho. Hakunijibu siku ile, na kesho yake alipoona nakuja akajifanya kalala.

Sista Mwanakhamisi, aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, akaniita chumba cha dawa na kufunga mlango.

"We Nestori, kwenu hamna haya?"

"Sista, kwetu tunasema hivyo hivyo."

"Na hapa neno ni hilo hilo. Lakini hapa hakuna mtu anayejamba. Hapa watu wanatoa upepo." Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. "Na usisimame miguuni pa mtu kama unamhesabu. Nenda kichwani. Toa shikamoo. Uliza kalalaje. Halafu inama, umnong'oneze: mzee wangu, upepo umepita? Ukiuliza hivyo atakwambia mpaka saa."

Siku ya tatu mzee mwenyewe aliniita kwa kidole. Nikainama. "Mwanangu," akasema taratibu, kama anayetangaza kuzaliwa kwa mjukuu, "upepo umepita. Alfajiri, baada ya swala. Mara mbili." Nilikwenda mbio kumwambia Sista. Akaja na kikombe cha chai ya rangi, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakampa mzee hongera, na mimi nikaelewa kwamba nimeingia kazi ambayo furaha zake huwezi kuzisimulia mezani.

Mmeniomba, wadogo zangu wa wodi, niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Naandika nikiwa Bunju, barazani kwangu, na kuku wanaodhani karatasi ni chakula. Vyeo na mishahara nimeviruka, havina ladha na mnavijua wenyewe. Nitaandika habari za tumbo, maana ndizo nilizozijua, na habari za watu wawili watatu walionifundisha.

Tuanze na upepo. Utumbo ukishikwashikwa wakati wa upasuaji hulala. Mate yanamezwa, tindikali inatoka tumboni, lakini mbele hakuna anayesukuma. Hewa ikipita mpaka ikatoka nje, maana yake njia yote imeamka, tangu juu hadi chini. Ndiyo sababu tulikuwa tunausubiri kama watu wa bara wanavyosubiri mvua. Siku hizi mnawanywesha wagonjwa mapema, hamsubiri sana, na naona wanapona vizuri. Sawa. Mmeniachisha kazi ya kusubiri upepo, lakini msiache kuuliza kwa adabu.

Sista Mwanakhamisi hakuwa na vitabu vingi, alikuwa na vitu. Siku moja alichukua kamba ya kuanikia nguo, urefu wa mita sita hivi, akaniambia niishike ncha moja na nitembee nayo korido mpaka iishe. "Huo ndio utumbo mwembamba wako," akasema. Halafu akanipa bakuli langu la chakula cha mchana. "Haya, uingize wote humo, na usifunge fundo hata moja." Nilihangaika robo saa. "Umeona? Muumba kaupanga humo kwa adabu. Sie tukimfungua mtu, tunaurudisha kwa adabu ile ile."

Siku nyingine alinitafunisha kipande cha mkate mkavu na kunikataza kumeza. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Mwisho mkate ukaanza kuwa mtamu. "Sukari hiyo umeitia wewe?" akauliza. Nikatikisa kichwa, mdomo umejaa. "Mate ndiyo yameivunja. Kazi inaanza mdomoni, kabla hujameza. Anayebugia anamwachia mwenzake kazi." Baadaye akanionyesha shuka na taulo, akamwaga maji juu ya kila kimoja. Taulo likanywa, shuka likaacha maji yatembee. Ndani ya utumbo mwembamba, akasema, ni taulo. Kuna vinyweleo vidogo vidogo visivyohesabika, na kila kimoja kinakunywa: sukari, vipande vya protini, chumvi, vitamini. Vinavyonywewa vinaingia kwenye damu na damu inavipeleka kwenye ini kwanza, kukaguliwa. Mafuta yana njia yake ya pembeni. Nyongo huyapasua kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria la pilau, na maji ya kongosho yanamalizia. Kinachobaki kinashuka utumbo mpana, na huko maji yanakamuliwa na kurudishwa mwilini. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyafaulu. Sikuyajua mpaka nilipotafuna ule mkate.

Alikuwa na stetoskopu ya mpira mwekundu, imefungwa plasta mahali ilipopasuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alinifundisha kusikiliza tumbo dakika nzima, bila kuangalia saa ya ukutani kila mara kama mtu anayesubiri kulipwa. Tumbo lililo salama hulia kama mtu anayehamisha vyombo chumba cha pili. Tumbo lililolala liko kimya. Tumbo ambalo njia imeziba huwa na mlio mwembamba wa juu, kama matone yanayodondokea ndoo ya bati, na ukiusikia huo usimalize chai yako, mwite daktari.

Daktari mwenyewe, kwa wagonjwa wengi, nilikuwa mimi. Wenzangu wanawake waliitwa sista na mimi niliitwa dokta, miaka yote. Nilisahihisha mwanzoni. Baada ya mwaka wa tano nikawa naitika.

Sitawaeleza wagonjwa wote. Wengi walikuja, wakakatwa, wakashonwa, upepo ukapita, wakaenda zao, na wakinikuta sokoni wanaangalia pembeni kwa sababu ya yale niliyowauliza. Vita vyetu vikubwa vilikuwa na ndugu. Mapenzi ya watu wa hapa yanapita mdomoni. Nimeshika biriani ndani ya mkoba wa kanisani. Nimeshika mihogo ya kukaanga imeviringishwa ndani ya kanga ya mtoto, na mtoto mwenyewe hakuwepo. Sikuwachukia. Hata mimi mama yangu alipougua nilimbebea ndizi asizoweza kuzila.

Sasa niwaambie habari ya Bi. Zuhura.

Aliletwa mchana kweupe kwa bajaji kutoka Kiwalani, amelazwa mapajani pa dada yake, Bi. Mwajuma. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote penye masufuria makubwa yeye ndiye aliyeshika mwiko. Alikuwa ametolewa jikoni moja kwa moja, kwenye walima, na ananukia bizari na moshi. Tumbo limejaa kama ngoma, anatapika kijani. Nikaweka stetoskopu. Nikasikia yale matone ya ndoo ya bati, na nilipohamisha upande wa pili, kimya.

Dokta Kileo, daktari wetu wa upasuaji, alimfungua ndani ya saa ile. Utumbo ulikuwa umejisokota wenyewe na kujinyonga, sehemu kubwa imekuwa na rangi ya bilinganya. Ikabidi ikatwe. Alipotoka akavua glavu, akaegemea ukuta.

"Nestori, nimemwachia mita moja na nusu ya juu. Mwisho wote wa utumbo mwembamba umekwenda. Utumbo mpana mzima, nimeunganisha. Unaonaje?"

"Daktari ni wewe."

"Mie kazi yangu imekwisha," akasema. "Iliyobaki ni yako."

Wiki ya kwanza tulimlisha kwa dripu na nilikuwa na matumaini. Upepo ulipita siku ya nne na wodi ikafurahi. Tukaanza uji. Na hapo ndipo tulipoona tuna kazi gani, maana kila kilichoingia kilitoka, na kilitoka haraka, majimaji, na chembe za uji zinaonekana vilevile zilivyomezwa. Mara nane kwa siku, mara kumi. Uso ukaanza kusinyaa. Pete ikamtoka kidoleni ikaanguka chini ya kitanda, Bi. Mwajuma akaiokota na kuivaa yeye, "nikutunzie," akasema, na wote wawili wakaangalia pengine.

Asubuhi moja Bi. Zuhura akanishika mkono.

"Dokta, niambie ukweli. Wamenitoa nini?"

Nilivuta kiti nikakaa karibu na kichwa chake. Nikamweleza bila kuficha. Kwamba sehemu inayonyonya chakula sasa ni fupi, na chakula kinapita kabla hakijanyonywa. Kwamba ule mwisho uliokatwa ndio uliokuwa unarudisha nyongo, na nyongo ikishuka utumbo mpana inauchokoza na kuuharisha. Kwamba kuna vitamini moja ya damu ambayo ilikuwa inaingilia pale tu, kwa hiyo sindano yake atachomwa maisha yote.

Akahesabu kitu kwa vidole juu ya shuka. Nikajua anatafuta namna ya kulielewa.

"Kwa hiyo ni kama shughuli ya watu mia tano," akasema, "na wagawaji wamebaki wawili."

"Ndivyo."

"Basi hutoi masinia yote kwa pamoja. Unatoa moja moja, wale wagawaji wapumue." Akaniangalia. "Na wagawaji wenyewe, hawajifunzi wakawa wepesi?"

Hilo hata sikuwa nimelifikia. "Wanajifunza," nikasema. "Ukiwapa kazi kidogo kidogo, vile vinyweleo vilivyobaki vinarefuka, utumbo unatanuka. Inachukua miezi. Mwaka, au zaidi."

"Haya. Tatizo ni mie kufika huo mwezi wa kwanza."

Tatizo lilikuwa hilo hasa, na kilichokuwa kinatuzuia ni kiu. Mtu anayeharisha hivyo hukauka, na aliyekauka huomba maji. Lakini utumbo mfupi ukipewa maji matupu hauyanyonyi. Unatoa chumvi ya mwili kuyafuata, na vyote vinamwagika. Anakunywa lita, anapoteza lita na zaidi. Juisi na soda ndiyo mbaya kabisa, sukari ile inavuta maji yaingie utumboni kama mtu anayefungulia bomba. Kinachofaa ni maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, yale ya pakiti, kwa mafundo madogo, kutwa nzima. Ukimweleza hivyo mtu mwenye ndugu anayekauka midomo, anakuona mwehu.

Nilipima kila kilichoingia na kila kilichotoka, nikaandika kwenye chati, na hesabu hazikukubaliana. Alikuwa anatoa zaidi ya tulichompa. Siku ya tatu ya hesabu mbovu nilirudi kitandani ghafla kuchukua kalamu niliyoisahau, nikamkuta Bi. Mwajuma kainua kichwa cha nduguye, na chupa ya maji baridi mdomoni. Chini ya mto kulikuwa na juisi ya embe.

"Bi. Mwajuma!"

Akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na siku ile alinizidi kimo. "Mwenzangu anakufa kwa kiu hapa, nyie mnamwandika kwenye makaratasi! Kitu gani nyie? Hata kuku wa kuchinjwa anapewa maji!"

"Yanamuua hayo maji."

"Maji yanaua? Tangu lini maji yanaua mtu? Nyie watu wa bara mna roho gani?"

Nilikasirika. Nakiri. Nilitaka kumwita mlinzi amtoe, na neno lilikuwa mdomoni. Nadhani kilichonizuia ni ile pete, aliivaa kidole cha kati na ilikuwa inambana. Nikamwambia: "Mama, naomba siku mbili. Leo mpe unachotaka wewe, na tupime pamoja. Kesho tumpe ninachotaka mie, na tupime pamoja. Kesho kutwa wewe ndiye utakayeamua."

Msifanye hivyo bila kumwambia daktari. Mie nilimwambia, na tukaacha dripu ikimlinda siku zote mbili. Nilileta majagi mawili ya plastiki yenye alama, nikaweka moja la yanayoingia na moja la yanayotoka, na nikampa Bi. Mwajuma kalamu. Siku ya kwanza jagi la kutoka lilijaa tukalimwaga, likajaa tena. Jioni alikuwa anaandika bila kuniangalia. Siku ya pili, maji ya chumvi tu, fundo moja kila baada ya dakika chache, tena alishika kikombe yeye mwenyewe. Jagi la kutoka halikufika nusu.

Aliliangalia lile jagi kama anayeangalia mizani ya mchuuzi asiyemwamini. Akaniuliza, "Umelimwaga nikiwa nimekwenda kuswali?"

"Sijaligusa."

"Wallahi?"

"Mimi Mkristo, Bi. Mwajuma. Lakini sijaligusa."

Akacheka, kisha akalia, kisha akauliza pakiti zile zinapatikana wapi. Tangu siku ile hakuna mtu aliyepita pale na maji matupu. Nimewahi kumwona anamkatalia sheikh.

Kiu ikapata dawa, lakini uzito haukupanda. Bi. Zuhura alikuwa anakula vijiko viwili vya uji wa hospitali na kusukuma bakuli. Kila Jumatatu tulimpandisha kwenye mizani na kila Jumatatu sindano ya mizani ilirudi nyuma kidogo. Nilianza kukwepa kitanda kile, niwaambie ukweli. Nilikuwa nakwenda vitanda vingine kwanza. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda Kinondoni, kwa Sista Mwanakhamisi, aliyekuwa amestaafu siku nyingi na anatembelea fimbo. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote: mita moja na nusu, majagi, mizani.

Akasikiliza bila kuacha kuchambua. "Mgonjwa wako kazi yake nini?"

"Mpishi."

"Na unampa nini?"

"Uji wa jikoni kwetu."

Akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya upepo. "Mpishi wa Kiwalani, aliyelisha harusi ngapi sijui, unampa uji usio na chumvi, halafu unashangaa anasukuma bakuli? Nestori. Kazi inaanza wapi?"

Jumatatu nikapeleka karatasi tupu kitandani kwa Bi. Zuhura. Nikampa masharti ya Dokta Kileo: mafuta kidogo, sukari kidogo, wanga laini kwa wingi, samaki au kuku au yai, chumvi ya kutosha, milo sita midogo, na asinywe wakati wa kula. "Ndani ya hayo," nikasema, "nipikie wewe. Mie mikono yako tu."

Kwa mara ya kwanza tangu aletwe alijiinua bila kushikwa. "Wali wa kurowa," akasema. "Mchele ulowekwe kwanza, usipikwe kwa haraka. Samaki changu, achemshwe na ndimu, chumvi, kitunguu, atolewe miba, achambuliwe. Viazi viponde na maji ya huyo samaki. Na mwambie huyo mpishi wenu anawahi kuzima moto. Nausikia uji wake, mbichi katikati."

Mpishi wetu hakufurahi kupokea ujumbe huo. Lakini alikuwa mtu mwema, akaja mwenyewe wodini kubishana, akaketi, na alipoondoka alikuwa ameandika nyuma ya mkono wake kipimo cha maji. Uji wa hospitali ulibadilika tangu wiki ile, na nyie mnaoula leo hamjui mnamshukuru nani.

Nilimweleza pia habari ya utumbo mpana, kwa sababu alipenda kujua sababu ya kila kitu. Wanga ambao hauwahi kunyonywa juu hauendi bure wote. Ukishuka chini unakuta vijidudu vyetu wenyewe, vya kheri, vinauchachua, na katika kuuchachua vinatoa chakula ambacho utumbo mpana unaweza kukinyonya.

"Kama unga wa vitumbua," akasema. "Unaufunika, unauacha, unaumuka wenyewe."

"Kama hivyo."

"Kwa hiyo mie chini huku naumua." Akacheka polepole, ameshika mshono. "Ndiyo maana upepo hauishi."

Haikuwa kitu cha siku moja. Kuna siku alirudi nyuma, kuna wiki dripu ilirudi. Lakini asubuhi moja, wiki ya saba nadhani, Bi. Mwajuma alinifuata korido nzima na bedipani mkononi, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kama sinia la harusi. Akafunua. Ndani kulikuwa na choo. Choo cha kawaida, kimeshikana, kama chako na changu.

"Dokta, tazama!"

Nikatazama. Nikamwita Dokta Kileo, naye akatazama. Tulisimama watu wazima watatu koridoni tukichungulia bedipani, tunacheka kama tumeonyeshwa mtoto mchanga. Mwanamke aliyekuwa anakuja kumwona mgonjwa alitupita akiwa ameziba pua, akatutazama, akarudi kuuliza kama hii ndiyo wodi ya vichaa.

Jumatatu iliyofuata mizani ilikwenda mbele. Robo kilo. Bi. Zuhura alikataa kushuka, alitaka ashuhudie na mpishi.

Alitoka kwa miguu yake. Kila baada ya miezi alirudi kuchomwa sindano ya ile vitamini, na kila aliporudi mkono niliomchoma ulikuwa umenenepa kuliko mara iliyopita. Pete ilirudi kwa mwenyewe. Kufunga Ramadhani daktari alimkataza, na hilo lilimliza kuliko kisu, mpaka sheikh yule yule aliyekataliwa maji yake akaja kumwambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula tangu zamani na alishe masikini. Akapika futari ya mtaa mzima. Anasema hajawahi kuwa na Ramadhani yenye kazi vile.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa na Mwalimu Mbwambo. Mpare, mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Bunju ninapokaa, amekatwa utumbo kwa sababu iliyofanana na ile, ingawa yeye alibakiwa na mrefu zaidi. Kila kitu kilikwenda vizuri ila yeye mwenyewe. Siku mbili alikuwa hataki kunywa. Kikombe cha maji ya chumvi kilikaa juu ya kabati dogo kikikusanya vumbi. Nilimweleza kamba, nilimweleza taulo, nikamweleza na wagawaji wa shughuli. Akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi, "Mwuguzi, mtu aliyekatwa utumbo ni mtu aliyekwisha. Usijisumbue."

Mchana ule Bi. Zuhura alikuja kwa sindano yake. Nilimchoma, nikamwomba apite kitanda cha dirishani. Hakuuliza sababu. Akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa.

"Habari za leo, mwalimu. Mie Zuhura. Mie wamenitoa mwingi kuliko wewe."

Mwalimu akageuka. Akamtazama juu hadi chini, na chini palikuwa pengi pa kutazama. "Wewe?"

"Mie. Wamenibakishia mita moja na nusu. Uliza huyo dokta." Akajikunjia kanga yake. "Niambie, ukiwa mzima unapenda kula nini?"

"Sasa hilo linahusu nini?"

"Mie mpishi. Nauliza."

Mwalimu akatazama dirishani. Halafu, kwa sauti ya mtu anayekiri, "Makande."

"Ah! Makande mazuri. Ukayachemsha, ukayatia tui la nazi, kitunguu…"

"Makande hayatiwi nazi," Mwalimu akasema.

"Hayatiwi nazi?"

"Hata siku moja. Yanaharibika."

"Mnakula nini sasa? Mahindi na maharage yametazamana tu kwenye sufuria, kila mmoja na lake?"

Mwalimu alicheka kabla hajajua kama anacheka. Akakamata mto akaukandamiza tumboni, "Mama, nyuzi, nyuzi zangu," huku bado anacheka, machozi yanamtoka. Bi. Zuhura hakumhurumia. Alichukua kile kikombe, akamwaga, akakijaza upya kutoka kwenye jagi, akakiweka mkononi mwa Mwalimu huku anaendelea kueleza jinsi nazi inavyokunwa. Mwalimu akanywa fundo, ili apate nafasi ya kujibu. Akajibu. Akanywa jingine.

"Na mkipika kwa mkaa," akasema, "ndiyo kabisa. Makande ni kuni."

"Kunywa. Kuni nakubali. Nazi nakataa kukubali."

Nilitakiwa kukabidhi zamu saa nane mchana. Nilikabidhi saa nane na nusu, kwa sababu wote wawili walikuwa wamenigeukia mimi, mtu wa Songea, niamue habari ya nazi, na kikombe kilikuwa bado hakijaisha.